Vidogo kwa Ramani, Vigogo kwa Rekodi: Lugha za Alor na Pantar

Alor na Pantar ni visiwa viwili vya mashariki ya Indonesia, kaskazini tu ya Timor. Katika nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000, hivi viwili ni rahisi kurukwa na jicho. Usiviruke: ukitaka ligi ya lugha, hapa ndipo penye timu ngumu.

Humo wamo wana wa ukoo mmoja mdogo wa lugha za Kipapua. Wana ndugu zao katika Timor na kisiwa cha Kisar, na kwa pamoja huitwa ukoo wa Timor-Alor-Pantar: lugha 25 au zaidi kidogo, kutegemea nani anahesabu. Neno "Kipapua" lenyewe ni kapu tu. Limebeba lugha zaidi ya 800 za Guinea Mpya na visiwa vya jirani, za koo nyingi zisizo na undugu uliothibitishwa. Ukoo wetu ni kona moja ya kapu hilo. Hizi hapa rekodi zake 11, kikosi kamili cha kuanza mechi.

1. Walio mbali zaidi magharibi

Makao makuu ya lugha za Kipapua ni Guinea Mpya, kisiwa cha pili kwa ukubwa duniani baada ya Greenland. Pantar iko kilomita zipatazo 1,000 magharibi yake. Piga mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika, na umepata takribani umbali huo. Tofauti ni kwamba mahali pa Morogoro, Dodoma na Tabora, wao wana maji ya chumvi. Kati ya lugha zote za Kipapua zilizo hai, hakuna inayosemwa magharibi zaidi kuliko za Pantar. Medali ya kwanza imeshavaliwa, na hatujatoka hata nje ya ramani.

2. Msongamano wa kutisha

Wilaya nzima ya Alor, yaani Alor, Pantar na vijisiwa vya katikati, ina kilomita za mraba zipatazo 2,900. Unguja na Pemba kwa pamoja zina karibu 2,500. Kwa eneo, basi, wanakaribiana na Zanzibar. Kwa watu, Zanzibar inashinda kwa mbali: sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, ilhali Alor ina watu laki mbili na ushei.

Sasa geuza ubao wa matokeo. Zanzibar ina lugha moja ya wenyeji, Kiswahili, pamoja na lahaja zake kama Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Alor na Pantar zina lugha za Kipapua zisizopungua 20, na hizo si lahaja: msemaji wa Kiteiwa wa Pantar hamwelewi msemaji wa Kikamang wa Alor ya kati mpaka mmoja ajifunze lugha ya mwenzake. Hiyo ni lugha moja kwa kila kilomita za mraba 145. Tanzania yote, yenye kilomita za mraba zaidi ya 945,000, ingejazwa lugha kwa kiwango hicho, ingekuwa na lugha zaidi ya 6,500. Dunia nzima ina takribani 7,000!

3. Kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote

Bingwa wa uzito wa juu ni Kimakasae cha Timor-Leste, chenye wasemaji zaidi ya 100,000. Waite wote Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000: uwanja utajaa pomoni na nje watabaki watu 40,000 wakigombea tiketi. Nafasi ya pili ni ya Kibunak, chenye wasemaji wanaokaribia 80,000. Nafasi ya tatu ni ya Kifataluku, ambacho wasemaji wake, zaidi ya 30,000, wangeujaza Uwanja wa Nyayo wa Nairobi.

Vuka bahari uingie Alor na vipimo vinaporomoka. Mkubwa wa kisiwa ni Kiabui, chenye wasemaji wapatao 17,000. Kwa Mkapa hawajazi hata theluthi ya viti. Mkiani wamo Kikui na Kireta, kila kimoja kikiwa na wasemaji wapatao 800. Hao huhitaji kuwatafutia uwanja. Mabasi 14 ya abiria 60 yanawachukua wote, wazee kwa watoto, na viti vinabaki.

4. Mpweke kuliko wote

Taji la upweke linagombewa na wawili. Wa kwanza ni Kibunak, kinachosemwa kwenye milima ya katikati ya Timor. Mashariki, magharibi, kaskazini na kusini kimezungukwa na lugha za Kiaustronesia, ukoo mwingine kabisa. Ndugu zake wa damu wako mbali, ng'ambo ya bahari au upande wa pili wa kisiwa. Ni kama Kisandawe cha Dodoma kilivyosimama peke yake katikati ya lugha zisizo za ukoo wake. Juu ya hayo, mpaka wa Indonesia na Timor-Leste umepita katikati ya nchi ya Wabunak, kwa hiyo mpweke huyu ana serikali mbili.

Wa pili ni Kioirata cha Kisar, kisiwa chenye kilomita za mraba zipatazo 80. Mafia yetu ingekimeza Kisar mara nne na bado ikabaki na nafasi. Hata hicho kidogo Waoirata hawakukipata peke yao: wanakigawana na wasemaji wa lugha ya Kiaustronesia. Majaji wanakipa Kibunak dhahabu kwa sababu ya majirani wengi, na Kioirata fedha kwa sababu ya udogo wa jukwaa.

5. Mama asiyeacha barua

Ukoo wa Alor na Pantar una lugha mame, yaani lugha moja ya kale iliyozaa zote. Haikuandikwa, na inakadiriwa ilisemwa miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Kiswahili, kwa umri wake wa miaka elfu moja na ushei, ni kijukuu mbele yake.

Imejulikanaje? Kwa kulinganisha wajukuu. Chukua samaki: Kipantar cha Magharibi husema hap, Kiteiwa haf, Kiabui afu, Kikamang api. Chukua nguruwe: bai kwa Kipantar cha Magharibi, fe kwa Kiabui, pe kwa Kikamang. Tazama mchezo unavyojirudia: penye b ya kale, Kiabui kinaweka f na Kikamang kinaweka p, katika samaki na katika nguruwe vilevile. Mfululizo wa namna hiyo hautokei kwa bahati. Kwa hesabu hiyo wataalamu wameandika habi kwa samaki, baj kwa nguruwe, jabar kwa mbwa, war kwa jiwe na mogol kwa ndizi. Kila neno huwekewa nyota mbele, alama ya kusema kwamba limejengwa upya na halikusikiwa na mtu aliye hai.

Mlinganishe mama huyu na mama wa Kiswahili. Bantu mame, yenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 4,000 hadi 5,000, ilitoka maeneo ya mpaka wa Kamerun na Nijeria, na leo ina wajukuu wapatao 500 waliofika hadi kusini kabisa mwa Afrika. Mama wa Alor na Pantar anadhaniwa kuwa alikaa karibu na mlango wa bahari unaovitenganisha visiwa hivyo viwili. Wajukuu wake hawakwenda zaidi ya kilomita 100 hivi kutoka hapo, sawa na kutoka Dar hadi Chalinze. Kwa mbio ndefu, Wabantu mabingwa. Kwa kuchimba palepale ulipozaliwa, Alor haina mpinzani.

6. Sauti adimu zaidi

Kiteiwa cha Pantar kina sauti mbili ambazo lugha nyingi za eneo lile hazina. Ya kwanza hutamkwa nyuma kabisa ya mdomo, na kila aliyepita chuoni anaijua: ni qaf ya Kiarabu. Ya pili hutoka kooni kama ile ha nzito ambayo mwalimu wa Qurani humrudisha mwanafunzi mara tatu mpaka aipatie. Ndiyo iliyomo katika ile haf ya samaki. Kiteiwa hakikuzipata kwa Waarabu. Qaf yake ni urithi wa lugha mame: neno la kale la "mbili" limejengwa upya kuwa araqu, na Kiteiwa bado kinasema raq. Kiabui kinasema ayoku, na Kikamang kimelikata hadi ok. Kwa utunzaji wa mali ya urithi, kombe liende Pantar.

7. Sita isiyoyumba

Hesabu kwa Kiabui: nuku, ayoku, sua, buti, yeting. Hizo tano. Ungetarajia sita iwe "tano na moja", lakini sita ina jina lake: talaama. Ndipo mtindo unapobadilika. Saba ni yetingayoku, tano-mbili. Nane ni yetingsua, tano-tatu. Tisa ni yetingbuti, tano-nne. Mfumo unaosimama kwenye tano lakini ukaipa sita kiti cha peke yake ni nadra duniani, na hapa haukuzuka jana: sita ya lugha mame imejengwa upya kuwa talam, na Kiadang bado kinasema talang. Miaka 3,000 na sita haijaondoka kikosini. Sita yetu, pamoja na saba na tisa, ilisajiliwa kutoka Uarabuni.

Ila tuwe waadilifu: dhahabu ya sita kwa Wapapua wote iko kusini mwa Guinea Mpya, katika ukoo mwingine mdogo uitwao Yam. Huko huhesabu kwa sita tupu. Kikomnzo, kinachosemwa na watu ambao mabasi matano yangewamaliza, kina neno moja la 36, ambalo ni fta. Moja la 216, taruba. Moja la 1,296, damno. Na kadhalika mpaka wi, yaani 46,656, sita iliyozidishwa kwa yenyewe mpaka zitimie sita sita. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kuhesabu viazi vikuu. Kwa neno moja lenye herufi mbili, Mkomnzo angekuhesabia zaidi ya robo tatu ya viti vya kwa Mkapa. Ubingwa huo Alor inaupigia makofi kutoka nafasi ya pili.

8. Viambishi vingi zaidi

Hapa pambano ni la ndani ya ukoo. Lugha hizi hubandika kiambishi mbele ya kitenzi kuonyesha nani ametendwa, kama Kiswahili kinavyopachika -ni- katika "amenipiga". Kiteiwa kina safu moja ya viambishi hivyo. Kiabui kina safu tano. Kikamang kina sita! Safu moja hutumika kama mtu ameguswa hasa na tendo, nyingine kama tendo limeelekea kwake, nyingine kama limefanywa kwa faida yake, na kadhalika. Kazi ambayo Kiswahili hukiachia kitenzi chenyewe kwa kukinyoosha, "pika" ikawa "pikia", Kikamang huimaliza kwa kubadilisha kiambishi.

Na viambishi vyenyewe ni vya kale kweli. Katika lugha mame na- ni mimi na ni- ni sisi. Ha- ni wewe na hi- ni ninyi. Ga- ni yeye na gi- ni wao. Irabu a kwa mmoja, irabu i kwa wengi: silabi sita zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Kisha yuko wa saba, pi-, ambaye ni sisi pamoja na wewe unayeambiwa, wakati ni- ni sisi bila wewe. Kwa Kiswahili, jirani akikuambia "tumealikwa harusini", huna hakika kama uvae kanzu au ulale. Alor huwezi kukosa pilau kwa utata wa sarufi.

9. Milima ndani ya sentensi

Alor ni nchi ya miinuko mikali, na lugha zake hazikuruhusu kuisahau. Karibu kila lugha ya ukoo ina maneno tofauti ya kuonyeshea kitu kilicho juu ya msemaji, kilicho chini yake, na kilicho usawa wake. Vitenzi vya kwenda na kuja navyo vina makundi hayohayo: kuna kwenda kwa kupanda, kwenda kwa kushuka na kwenda kwa usawa. "Pale" ya jumla haitoshi. Mkazi wa Kariakoo angetumia kundi moja maisha yake yote na asione hasara. Mkazi wa Lushoto, ambaye jirani yake mmoja yuko juu ya paa lake na mwingine chini ya shamba lake, angeyahitaji yote matatu kabla ya chai ya asubuhi.

10. Kale zaidi, maarufu zaidi, katili zaidi

Ardhi ya ukoo huu ina rekodi zake pia, na tunazipanga tatu kwa mpigo.

Kale zaidi: mwaka 2017 wanaakiolojia walitangaza kwamba katika pwani ya kusini ya Alor, mahali paitwapo Tron Bon Lei, wamepata ndoana tano zilizozikwa na mtu anayedhaniwa kuwa mwanamke, miaka ipatayo 12,000 iliyopita. Zilitajwa kuwa ndoana kongwe zaidi kuwahi kupatikana kaburini. Uipange historia ya miaka elfu moja ya Kilwa Kisiwani mara kumi na mbili, ndipo uzifikie ndoana hizo. Na katika pango la Jerimalai, mashariki ya Timor penye Kifataluku leo, imechimbwa mifupa ya samaki wa bahari kuu, akiwemo jodari, yenye umri wa miaka 42,000. Wavuvi hao waliitangulia mbali mno lugha mame. Rekodi ni ya mahali, si ya lugha.

Maarufu zaidi: Januari 1522 jahazi liitwalo Victoria, la msafara wa Magellan, lilitia nanga Alor kwa takribani majuma mawili. Miezi minane baadaye likafika Uhispania, chombo cha kwanza kuizunguka dunia. Msafara ulianza na vyombo vitano na watu zaidi ya 200. Waliorudi na Victoria walikuwa 18, abiria wa Hiace moja.

Katili zaidi: kabla ya 1815 kulikuwa na lugha magharibi zaidi hata ya Pantar, Kitambora cha kisiwa cha Sumbawa, ambayo haikuwa ya Kiaustronesia. Aprili 1815 mlima Tambora ulilipuka, mlipuko mkubwa kuliko yote iliyoandikwa katika historia. Mlima unaokadiriwa kuwa ulizidi mita 4,000 ulibaki na mita 2,850 hivi, kana kwamba Meru umelala ukaamka na kimo cha Ol Doinyo Lengai. Wasemaji waliangamia na lugha ikaangamia nao. Iliyobaki ni orodha fupi ya maneno iliyochapishwa mwaka 1817 katika kitabu cha Stamford Raffles kuhusu historia ya Java. Ni lugha chache zilizouawa kwa kasi kama hiyo.

11. Mbio za kasi zaidi

Rekodi ya mwisho ni ya watafiti. Mwaka 1938 mwanaanthropolojia Cora Du Bois alikwenda kuishi kijiji cha Atimelang, kwa Waabui, na kitabu chake kikatoka 1944. Mwaka 1975 mwanaisimu Stokhof alichapisha orodha za maneno ya lugha za visiwa hivi. Mwendo wa kobe, sivyo? Kisha filimbi ikapigwa. Sarufi ya Kiabui ya František Kratochvíl ikatoka 2007. Ya Kiklon ya Louise Baird, 2008. Ya Kiteiwa ya Marian Klamer na ya Kibunak ya Antoinette Schapper, zote 2010. Ya Kimakalero ya Juliette Huber, 2011. Sarufi tano katika miaka mitano! Mwaka 2012 Gary Holton na wenzake wakachapisha sauti na maneno ya lugha mame ya Alor na Pantar, na mwaka 2014 wengine wakaonyesha kwamba ndugu wa Timor na Kisar nao ni wa damu ileile.

Walikimbia kwa sababu wana mshindani. Kimalei cha Alor na Kiindonesia ndivyo vinavyosikika shuleni, sokoni na kanisani, na nyumba nyingi sasa huwalea watoto kwa lugha hizo. Kiindonesia kinaingia uwanjani na nchi yenye watu zaidi ya milioni 270. Kikui kinaingia na mabasi yake 14. Kwa ukubwa, matokeo yanajulikana kabla ya mpira kuanza. Kwa msongamano, kwa sita isiyoyumba na kwa safu za viambishi, ubao wa matokeo umeshasomwa, na bingwa ni yule mwenye kilomita za mraba 2,900.